Kwa Numbi, Juu ya Ukuta wa Lupango

Numbi, acha kuitukana ile nyanya.
Tangu alfajiri nakusikia, huku napepeta unga,
ukisema kitako chake kimeoza kwa uchawi
wa watu wa avenyu ya nyuma.
Mchawi gani ataacha usingizi wake aje kuroga nyanya?

Wewe ndiye unayeinywesha kilevi:
Jumatatu ndoo tatu, kisha kimya hadi Ijumaa,
hadi udongo mwekundu upasuke kama kisigino changu.
Nyanya haitaki karamu na njaa.
Ipe kopo moja jioni, kila jioni,
hata siku bomba linapokohoa hewa tupu
(akiba weka kwenye pipa, funika, mbu wasizaliane).
Maganda ya mayai yasage kwa chupa, yafukie karibu na mzizi.
Iliyooza ichume. Haiponi.
Kata peusi, panapobaki patie chumvi, panatosha bukari ya mtu mmoja.

Na vile vya kijani vilivyosongamana chini ya jani la kabichi
kama watu kwenye foleni ya mshahara
ni vidukari. Usivipulizie dawa ya mende.
Kabichi hiyo wanakula wanangu.
Sabuni ya kipande, kiasi cha kidole gumba,
iyeyushe kwenye ndoo, nyunyiza chini ya jani,
chini, Numbi, si juu, jua likishapoa.
Kesho kutwa rudia.
Vidukari ni wadai: ukiwafukuza mara moja hawajafukuzika.

Anayekata miche yako usiku si mbuzi wa Mama Feza.
Umemrushia jiwe bure, sasa anachechemea.
Fukua kwa kidole pale shina lilipoangukia,
utamkuta amejikunja kama sikio,
mnene, wa rangi ya vumbi, anajifanya amekufa.
Mpe kuku.
Kisha kila mche uvishe kola ya karatasi,
nusu ardhini, nusu juu.
Kisha nenda kwa Mama Feza. Usiende mikono mitupu.

Karoti zenye miguu miwili, tumezicheka, tumezila, yameisha.
Lakini samadi mbichi ni kama habari ya msiba:
iache ipoe kwanza ndipo uiingize nyumbani.
Na jembe lizame. Hapo ulipokwangua tu
chini kuna mawe ya fundi aliyejenga choo.
Kodi toroli, toka njia ya Kipushi,
chota udongo wa kichuguu kilichohamwa;
mchwa wamekuchekechea bila kukudai faranga.

Bilinganya iliyonyauka mchana kweupe, miguu majini,
hiyo siiwezi.
Nimeuliza, nimenyunyiza, nimeiombea hata kanisani.
Ing'oe na mzizi wake, ichome,
na hapo usipande nyanya, wala pilipili, wala viazi,
miaka mitatu.

Miaka mitatu si mingi. Nimeihesabu.
Monga alipanda vitunguu mwezi wa nne,
matuta sita, hapa nilipokanyaga,
akaenda Kolwezi kutafuta kazi ya kuchomelea vyuma.
Akasema, majani yakilala nitakuwa nimefika.
Septemba majani yakalala.
Mimi nikasema hayajalala sawasawa.
Nikapita kati yake kila asubuhi, nikiyainua kwa vidole, jani moja moja,
nikiyaambia bado.
Mvua ya kwanza ikaja ikavikuta ardhini.
Harufu yake uliisikia hata wewe,
ulidhani ni shimo la taka, ukanyamaza kwa heshima.

Basi shika hili kuliko la sabuni:
kitunguu majani yakianguka, kung'oe.
Kianike kivulini, upepo upite, shingo ikauke.
Usimngojee mtu.

Kesho nitakupitishia miche ya lengalenga ukutani.
Anza nayo, hiyo hustawi hata kwa mvivu.
Na lile kopo langu la bluu
ulilochukua Pasaka,
lirudishe.